Kutambua Silaha ya Kale ya Wapanda Farasi wa Kiingereza Isiyo na Mihuri: Mwongozo Kamili

Silaha iliyotumikia jeshi la Uingereza kwa kawaida hubeba taji, herufi za mfalme, neno TOWER au ENFIELD (ghala na kiwanda cha silaha za serikali), na mshale mpana wa serikali. Zikikosekana alama hizo zote, wengi hukimbilia msasa na brashi ya waya ili muhuri "utokeze", na ushahidi uliobaki huishia kwenye vumbi la kutu. Anza na vipimo. Muhuri anaweza kuupiga fundi yeyote mwenye nyundo na chapa ya chuma, lakini urefu wa mtutu, upana wa tundu lake, umbo la mtambo wa kufyatulia na matundu ya parafujo kwenye mti unaoshika mtutu ni vigumu kuvighushi vyote kwa pamoja vikapatana.

Kabla ya hayo, mambo mawili.

La kwanza ni sheria. Nchini Uingereza silaha ya kupakiwa kwa mdomo wa mtutu inaweza kumilikiwa kama pambo bila cheti, na Marekani silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa ya kale. Usidhani hali ni hiyo Tanzania, Kenya au Uganda. Ukiikuta kwenye dari la nyumba ya urithi, piga picha, iache ilipo, kisha waone polisi kabla ya kuisafirisha hata kwa hatua chache.

La pili ni baruti. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu huweza kuwaka hata baada ya zaidi ya miaka 100, na silaha za kale zilizowekwa zikiwa zimepakiwa si haba. Chukua kijiti kilichonyooka, chembamba kuliko tundu, kiingize hadi kigote, kisha weka alama penye mdomo wa mtutu. Kitoe ukilaze juu ya mtutu, alama ikilingana na mdomo. Ncha yake inapaswa kufika usawa wa kitundu cha moto, kile kitobo kidogo cha upande karibu na kitako cha mtutu, yaani mwisho wake wa nyuma. Ikiishia kabla ya kitundu, chukulia kwamba humo ndani kuna kitu: risasi na baruti, tambara, au kiota cha mdudu. Usivute kifyatulio, usichome kwa waya wa moto, usitoboe kwa drili. Mpelekee fundi bunduki mwenye leseni.

Kwa nini haina mihuri

Sababu si moja, na kila sababu huacha dalili yake.

Huenda ilikuwa nayo ikafutika. Vikosini askari walisugua mitutu kwa unga wa matofali hadi ing'ae, na wauzaji wa baadaye walimalizia kazi kwa tupa. Tazama ukingo wa mtutu kwenye kitako chake: ukiwa umelegea na kuwa laini, chuma kimeliwa. Ukingo ukiwa bado mkali na mihuri haipo, basi haikupigwa tangu mwanzo, na hapo unatafuta kitu kingine kabisa.

Kitu hicho mara nyingi ni silaha ya kununuliwa binafsi. Makamanda wa vikosi vya kujitolea wakati wa vita na Napoleon walinunulia watu wao bastola na karabini (bunduki fupi) moja kwa moja kwa mafundi wa London na Birmingham, bila kupitia ghala la serikali. Muundo ni wa jeshi, kazi ni safi, lakini taji halipo. Zipo pia za Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, ambayo ilikuwa na wakaguzi wake. Hizi hubeba moyo uliogawanywa sehemu nne, au, kuanzia takriban 1808, simba aliyesimama akishika taji. Alama hiyo ikifutika, inabaki silaha bora ya Kiingereza isiyo na dalili yoyote ya mfalme.

Kisha kuna silaha za biashara. Birmingham na Liège (mji wa Ubelgiji) zilitengeneza kwa wingi gumegume, bunduki zinazowashwa kwa cheche za jiwe, za kuuzwa Afrika, na Wabelgiji hawakusita kupiga TOWER kwenye bamba la mtambo kwa kuwa wanunuzi walilipenda neno hilo. Kwa hiyo silaha fupi iliyopatikana pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ya biashara, au msketi (bunduki ndefu ya askari wa miguu) uliokatwa, kuliko kuwa karabini ya wapanda farasi. Zilizokuja kwa njia ya serikali ni habari nyingine: jeshi la Sultan Barghash wa Zanzibar lililoundwa mwaka 1877 chini ya Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, lilipewa bunduki za Snider kutoka Uingereza.

Vipimo vinne

Unahitaji tepu ya kupimia, kalipa (kifaa cha kupimia upana na unene), tochi ndogo na daftari. Pima kwa inchi, kwa kuwa mitutu mingi ilitengenezwa kwa inchi kamili na nambari hujieleza yenyewe. Sentimita 22.9 haisemi kitu, lakini inchi 9 inasema mengi.

Mtutu upimwe kwa nje, toka mdomoni hadi kwenye mstari mwembamba ambapo chuma cha mtutu kinakutana na mkia unaoingia kwenye mti. Usiuhesabu mkia, hapa ndipo watu hukosea kwa inchi 2 nzima na kuishia kwenye muundo usiohusika.

Tundu lipimwe kwa ncha za ndani za kalipa, mara mbili kwa njia mtambuka. Mdomo uliochakaa kwa mdeki (kijiti cha kushindilia risasi) huwa wa yai, na huongeza hadi nusu milimita. Chukua kipimo kidogo. Waingereza walikuwa na madaraja machache tu: tundu la msketi takriban .75 ya inchi (milimita 19), tundu la karabini .65 hadi .66 (milimita 16.5 hadi 16.8), na tundu la bastola takriban .56 (milimita 14.2). Baadaye ikaja .577 (milimita 14.7) ya mitutu yenye mifereji, iliyochongwa ndani ili kuizungusha risasi. Ukipata milimita 18 kamili kwenye mtutu laini, simama kwanza: hapo fikiria Ufaransa, Ubelgiji au biashara.

Kipimo cha tatu ni unene wa ukuta wa mtutu mdomoni. Mitutu ya Kiingereza hupungua unene kuelekea mbele. Ukuta mnene kupita kiasi mdomoni unaonyesha mtutu umekatwa.

Cha nne ni urefu wa bamba la mtambo pamoja na umbali kati ya parafujo zake mbili. Kiandike tu, kitakufaa ukilinganisha na silaha iliyotambuliwa makumbusho.

Je, kweli ni ya mpanda farasi?

Askari aliye juu ya farasi ana mkono mmoja wa kazi, na silaha ikimponyoka imekwenda. Kutokana na hilo utaona mambo matatu. Karabini huwa na ufito wa chuma upande wa kushoto, mkabala na mtambo, wenye pete inayotembea. Pete hiyo hunasa kwenye kulabu ya mkanda wa bega. Mdeki, hasa kuanzia miaka ya 1800, hushikwa na bawaba chini ya mdomo wa mtutu usianguke wakati wa kupakia. Na kwa kawaida hakuna pa kufungia singe, ingawa karabini ndefu za karne ya 18 huvunja kanuni hii.

Ufito ukiwa umeng'olewa, matundu hubaki. Tafuta upande wa kushoto tundu moja karibu na mtambo na jingine mbele zaidi, au viraka vya mti vilivyozibwa kwa gundi. Tochi iliyolazwa sambamba na mti huvionyesha hata chini ya vanishi. Mtu anayetengeneza karabini ya uongo kutokana na msketi huongeza ufito kwa kutoboa matundu mapya: ndani yake mti ni mweupe na kingo ni kali, wakati tundu la miaka 200 ni jeusi kwa mafuta na kingo zake zimelegea.

Usichanganye na karabini za mizinga na za askari wepesi wa miguu. Nazo zina tundu la .65, lakini mtutu ni wa inchi 37 au 42, zina kizuizi cha singe juu ya mdomo, na hazina pete ya tandiko.

Karabini: urefu wa mtutu ndio ufunguo

Mtutu wa inchi 42 wenye tundu la karabini na dalili za ufito ni wa madraguni wazito (madraguni ni aina ya askari wapanda farasi) wa katikati ya karne ya 18. Inchi 36 ni wa madraguni wepesi wa muundo wa 1756.

Inchi 28 na tundu la karabini: karibu kila mara ni Elliott, muundo wa 1773. Uhakikishe kwa mdeki wake. Karibu na kichwa chake kuna shingo iliyobanwa, na ncha ya shaba ya mti ina mdomo unaoishika shingo hiyo ili mdeki usichomoke farasi akienda mbio. Mdeki ukiwa umepotea, umbo la ile ncha ya shaba linatosha.

Inchi 26 zina mitego miwili. Tundu la msketi la .75 na mtambo wa gumegume ni muundo wa madraguni wazito wa 1796, kazi ya fundi bunduki Henry Nock. Baadhi yake zina mtambo wake maarufu uliofunikwa, ambao kwa nje hauonyeshi parafujo hata moja. Lakini inchi 26 na tundu la .733, mtambo wa fataki (kikofia kidogo cha mlipuko kinachogongwa na nyundo badala ya jiwe) uliotengenezwa hivyo tangu mwanzo, ni karabini ya Victoria ya mwishoni mwa miaka ya 1830. Tofauti ya tundu ni chini ya nusu milimita, kwa hiyo usiamue kwa tundu, amua kwa mtambo.

Inchi 16, tundu la karabini, mdeki wa bawaba: Paget, ya takriban 1808. Ni fupi kiasi kwamba wengi huidhani bunduki iliyokatwa. Iliyo halali ina ncha ya shaba mbele ya mti, bawaba iliyokaa vyema chini ya mdomo, na mara nyingi komeo dogo la usalama nyuma ya nyundo. Iliyokatwa haina ncha ya shaba, au ina kipande cha bati kilichokunjwa.

Inchi 20 ikiwa na mifereji 7 na tundu la .625 ni Baker ya wapanda farasi. Inchi 20, tundu laini la .66 na mtambo wa fataki ni ya Yeomanry (wapanda farasi wa kujitolea) ya 1844. Inchi 21, mifereji 3, .577 na mdeki wa bawaba ni ya 1856.

Za kupakiwa nyuma zina majina rahisi zaidi kwa kuwa mitambo haifanani. Mkono mrefu unaoinuka juu ya shingo ya kitako ni Westley Richards "mkia wa nyani", .450. Kifuniko kinachofunguka kuelekea kulia ni Snider. Ya wapanda farasi ina mtutu wa inchi 19¼ na haina mdeki chini ya mtutu. Mkono chini ya kinga ya kifyatulio ni Martini-Henry. Karabini ya wapanda farasi ya 1877 ina mtutu wa inchi 21⅜, mifereji 7, mabawa ya kulinda shabaha ya mbele, na haina pa kushikia singe. Ikiwa na pa singe, hiyo ni ya askari wa mizinga. Hizi bila muhuri wowote ni za kutiliwa shaka kubwa, na sababu iko mbele.

Bastola za inchi 9

Hapa ndipo penye kazi. Bastola nyingi zinazopatikana zina mtutu wa inchi 9, na kwa mbali zinafanana kama ndugu.

Anza na tundu. Likiwa .75, na chini ya mti hakuna mfereji wa mdeki wala dalili ya kuzibwa kwake, ni ya madraguni wazito ya 1796. Mdeki wake ulibebwa pembeni, kwenye mfuko wa tandiko. Haina kofia ya shaba kwenye kitako. Wauzaji huiita "isiyokamilika" na kushusha bei, jambo linalomfaa mnunuzi anayejua.

Likiwa .65 au .66, angalia mdeki. Wa mbao, unaochomoka wote, ukipita kwenye bomba la shaba, pamoja na kofia ya shaba kwenye kitako: madraguni wepesi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1750. Wa chuma, ulioshikwa kwa bawaba: muundo uitwao New Land, kuanzia takriban 1802. Bastola ya zamani iliyofungwa bawaba baadaye hujisaliti kwa mfereji: mfereji uliochongwa kwa mdeki wa mbao ni mpana, na mdeki mwembamba wa chuma huchezacheza ndani yake.

Za Kampuni ya Uhindi nazo ni inchi 9 na .65. Kwa vipimo pekee huwezi kuzitenga na New Land. Subiri alama za ndani.

Mtutu wa inchi 12 na tundu la .56 una wadai wawili: madraguni wazito na mabaharia. Ya madraguni ina kofia ya shaba yenye mabawa marefu yanayopanda pande za kitako. Ya mabaharia ina kofia fupi, bamba la mtambo lililo bapa, na upande wa kushoto kulabu ndefu ya kuning'iniza mkandani, au mahali ilipokuwa.

Mtutu wa inchi 10 wenye mifereji na .577 ni bastola ya 1856.

Mtambo

Bamba lenye ukingo wa chini uliopinda kama ndizi ni la kabla ya katikati ya miaka ya 1750. Baadaye ukingo ulinyooshwa. Nyundo yenye shingo nyembamba iliyopinda ilitumika hadi takriban 1809, ndipo ikaja nyundo yenye shingo iliyoimarishwa na tundu katikati. Usiitumie nyundo peke yake kuweka tarehe: ndiyo iliyovunjika zaidi, na ndiyo iliyobadilishwa zaidi.

Mtambo wa fataki uliotokana na gumegume huonekana kwa matundu yaliyozibwa mbele ya bamba, pale ilipokuwa springi na bamba la kutoa cheche, na kwa pengo la nusu mwezi lililojazwa pale kilipokaa kisahani cha baruti. Mabadiliko hayo hayaharibu utambulisho. Vipimo vya mtutu hubaki vilevile.

Kufungua

Fungua tu kama parafujo zinakubali. Weka mafuta mepesi, subiri siku mbili, kisha tumia bisibisi inayojaza mfereji wa parafujo kikamilifu. Bisibisi nyembamba huchana kichwa, na kichwa kilichochanwa hupunguza thamani kuliko muhuri uliokosekana.

Mtambo: vuta nyundo nusu, legeza parafujo mbili za upande wa kushoto mizunguko mitatu, kisha gonga vichwa vyake taratibu kwa mpini wa bisibisi. Mtambo utasukumwa nje wenyewe. Usiuchokonoe kwa kisu. Mti hupasuka kwenye kona ya nyuma ya bamba.

Mtutu: toa parafujo ya mkia, kisha vipini vya pembeni kimoja kimoja, kwa kisukumio chembamba kuliko kipini. Panga vipini kwenye karatasi kwa mpangilio wake, kwani havibadilishani nafasi bila kulegea.

Sasa tafuta kwa tochi ya pembeni, bila kusugua. Chini ya mtutu karibu na kitako chake kuna herufi za mtengenezaji na namba za kuunganishia vipande. Ndani ya bamba la mtambo kuna herufi za fundi. Nyuma ya kinga ya kifyatulio, kwenye mti, hukaa taji dogo lenye namba la mkaguzi. Upande wa kulia wa kitako ndipo ghala lilipopiga muhuri wake mkubwa; mara nyingi hubaki kivuli chake tu. Juu ya mtutu na kwenye shaba kunaweza kuwa na maandishi ya kikosi, namba na herufi D (madraguni) au LD (madraguni wepesi). Mishale miwili inayotazamana ncha kwa ncha maana yake serikali iliiuza kihalali. Taji juu ya V na taji juu ya GP ni majaribio ya kampuni ya mafundi wa London. Mihuri ya nyumba ya majaribio ya Birmingham haiwezi kutangulia 1813, na yai lenye ELG ni Liège.

Nakala

Mafundi wa Njia ya Khyber, mpakani mwa Pakistan na Afghanistan, walinakili Martini na Snider kwa mikono, na wengine bado wanafanya hivyo. Tafuta N iliyogeuzwa, herufi zisizolingana kimo, na tarehe zisizopatana na mfalme: GR (George) ya zama za gumegume huishia 1830, WR (William) ni 1830 hadi 1837, VR (Malkia Victoria) ni 1837 hadi 1901. VR yenye 1905 haihitaji mjadala.

Nakala isiyo na muhuri huhukumiwa kwa ndani. Mtambo wa jeshi una daraja la chuma linaloshikilia mhimili wa nyundo, na nusu ya kwanza ya kuvuta hukaza bila kuteleza. Nakala nyingi hazina daraja, au nusu hiyo hushuka ukigusa kifyatulio. Kitako cha mtutu halisi kina kizibo cha parafujo, na mstari wake huonekana. Bomba lililochomelewa halina mstari huo. Kitundu cha moto kisichotoboka hadi ndani ni pambo la ukutani.

Kuandika matokeo

Andika kwa tabaka: ulichopima, ulichokiona, kisha unachokisia. Mfano: "Bastola ya wapanda farasi, muundo wa New Land, mtutu inchi 9, tundu .65, mdeki wa bawaba wa asili, mtambo umegeuzwa kuwa wa fataki, hakuna muhuri wa nje, herufi mbili chini ya mtutu. Huenda ya kikosi cha kujitolea au ya Kampuni ya Uhindi." Ambatanisha picha ya upande wa kulia, wa kushoto, ya juu, mdomo, kitako, mtambo ndani na nje, na chini ya mtutu, kila moja ikiwa na rula ndani yake. Makumbusho na minada huweza kufanya kazi na faili kama hilo bila kuiona silaha yenyewe. Kabla ya kurudisha mti, paka chuma mafuta mepesi kwa kitambaa cha pamba, usiguse shaba kwa dawa ya kung'arisha, na kaza parafujo hadi zigote tu.